Mgeni anayekimbia baridi ya Ulaya: mwongozo kamili wa kumpokea Dar akae na kufanya kazi

Kila Septemba ikianza, ujumbe ule ule hunijia kwa sura tofauti. Mtoto wa dada yuko Hamburg, amechoka na giza, anataka kuja Dar na kompyuta yake akae mpaka Machi. Rafiki wa chuo ameolewa Finland, anataka kuja na mumewe. Mzungu aliyewahi kupanga kwa jirani anataka kurudi, na safari hii anasema atasaidia kufundisha shule moja ya mtaani. Ikifika Februari ujumbe hubadilika: mgeni ameitwa Uhamiaji, au bosi wake amechachamaa kwa sababu simu za video zinakatika kila siku, au yuko wodini na homa.

Wengi huangukia mahali pamoja. Wanaanza na tiketi na bahari, makaratasi wanayaacha yaje yenyewe. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yako mwenyeji uliye Dar, kwa sababu mgeni akiharibikiwa, mlango utakaogongwa ni wako. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Tiketi inaingia hatua ya nne, na imewekwa hapo kwa makusudi.

## Vitu vya kuandaa

Kutoka kwa mgeni

- Picha ya ukurasa wa pasipoti wenye jina na sura. Pasipoti iwe na angalau miezi sita ya uhai kuanzia siku atakayoingia.
- Barua au baruapepe ya mwajiri inayosema ameruhusiwa kufanya kazi akiwa nje ya nchi, kuanzia tarehe ipi hadi ipi.
- Bima ya safari inayolipia matibabu pamoja na kusafirishwa kwa dharura.
- Cheti cha homa ya manjano, kama njia atakayopita inakidai (tazama hatua ya 8).
- Adapta ya soketi. Hapa tunatumia umeme wa volti 230 na soketi ya matundu matatu ya pini bapa, ile ya Kiingereza. Plagi ya Ulaya yenye pini mbili za mviringo haiingii.

Kutoka kwako

- Anwani kamili: mtaa, kata, namba ya nyumba, na simu ambayo kweli utaipokea. Fomu ya viza inauliza mahali atakapofikia.
- Barua fupi ya mwaliko na kopi ya kitambulisho chako cha NIDA.
- Chumba chenye mlango unaofungwa, meza ya kufanyia kazi kwa muda wa saa nane, na chandarua kisichotoboka.
- Njia mbili za intaneti zisizotegemeana.
- Namba ya simu ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa wako.

## Hatua ya 1: Muulize anakuja kufanya nini hasa

Mpigie simu, usimwandikie. Kwa maandishi watu hujibu "kupumzika" na mambo yanaishia hapo. Kwa sauti utamsikia anaposita. Mazungumzo huenda hivi:

— Shikamoo mama mdogo.

— Marahaba mwanangu. Nasikia unakuja Desemba. Unakuja kufanya nini?

— Kupumzika tu. Baridi imenichosha.

— Na hiyo kompyuta?

— Nitafanya kazi za ofisini kwetu, kidogo kidogo.

— Mshahara wako analipa nani, na unaingia benki ya wapi?

— Kampuni ya huku huku Hamburg, mama mdogo. Benki ya huku.

— Na hapa Dar hutashika kazi ya mtu?

— Kuna dada mmoja ana nyumba ya wageni Kigamboni, kasema nimsaidie mapokezi, atanipa chumba bure.

Hilo la mwisho ndilo lililowaponza wengi. Kukaa mapokezi ili upewe chumba ni kazi, hata kama hakuna shilingi iliyopita mkononi. Kufundisha watoto bila malipo nako ni kazi machoni pa Uhamiaji. Na mgeni haoni kwamba anavunja sheria, kwa sababu huko alikosoma kuhusu safari za namna hii aliambiwa kwamba kujitolea ni wema tu.

Baada ya simu hiyo, mgeni wako ataangukia kwenye moja ya makundi haya. Wa kwanza anakuja kutembea na kupumzika. Wa pili analipwa na mwajiri wa kwao na anafanya kazi hiyo kwa kompyuta. Wa tatu ana shughuli maalumu ya muda mfupi na kampuni ya hapa, kwa mfano kufunga mtambo au kutoa mafunzo. Wa nne anataka kujitolea au kuajiriwa.

Umefanikiwa ukiweza kuandika sentensi moja: "Fulani anakuja kufanya jambo fulani, analipwa na fulani." Kama sentensi haiandikiki, usiende mbele. Mpigie tena.

## Hatua ya 2: Hakikisha ni raia wa wapi leo

Hatua hii inawaumiza ndugu zetu kuliko wageni. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Aliyezaliwa Temeke, akasoma Temeke, kisha akachukua uraia wa Ujerumani, kwa kawaida anahitaji viza kama Mjerumani mwingine. Usimwambie "wewe ni wa nyumbani, njoo tu." Wapo waliofika uwanjani na cheti cha kuzaliwa mkononi wakidhani kitatosha. Hakitoshi.

Kama bado ana pasipoti ya Tanzania, huku hana shida ya viza. Tatizo lake liko alikotoka. Kibali cha ukaazi cha Ujerumani, kwa mfano, kwa kawaida hufa mwenye nacho akikaa nje zaidi ya miezi sita. Nchi nyingine zina hesabu zake. Aulize kabla hajaondoka, na jibu aliweke kwa maandishi.

## Hatua ya 3: Viza inayolingana na sentensi yako

Maombi hufanywa mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji, visa.immigration.go.tz. Anwani hiyo mtumie wewe mwenyewe, herufi kwa herufi. Zipo tovuti nyingi zenye bendera na nembo zinazofanana na za serikali, zinazotoza ada ya juu kwa kazi ya kujaza fomu. Mgeni akiitafuta peke yake, kuna hatari azikute hizo kwanza.

Kundi la kwanza: viza ya kawaida. Dola 50, kuingia mara moja, kukaa hadi siku 90. Wamarekani hulipa dola 100 na kupewa viza ya kuingia mara nyingi ya mwaka mmoja, lakini nao kila kuingia wanahesabiwa siku zao. Viza hii hairuhusu kazi ya hapa ya aina yoyote, yenye malipo au isiyo na malipo.

Kundi la tatu: viza ya biashara. Dola 250, hadi siku 90, kwa mtu mwenye shughuli mahususi ya muda mfupi. Kampuni inayomwita ndiyo inayotoa barua, na barua hiyo ieleze shughuli yenyewe.

Kundi la nne: vibali. Anayeajiriwa anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wasio raia, pamoja na kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji. Anayejitolea, mtafiti na mwanafunzi huangukia ukaazi daraja C. Mwombaji halisi hapa ni shule, hospitali au shirika linalompokea. Kama shirika linamwambia mgeni "njoo na viza ya utalii, mengine tutayamaliza ukifika", hilo ni onyo la kutosha. Mwambie atafute shirika jingine. Naliandika kwa msisitizo kwa sababu anayekamatwa darasani ni kijana aliyekuja kwa moyo safi.

Kundi la pili, la wenye kompyuta, nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo lenye maswali. Kati ya viza nilizozitaja hakuna iliyoandikwa kwa ajili ya mtu anayekaa Mikocheni akilipwa na ofisi ya Berlin. Wengi huingia kwa viza ya kawaida na kuendelea na kazi zao. Ushauri wangu: aandike kwa Uhamiaji kabla ya safari, aeleze ukweli wake kwa sentensi mbili, na jibu atembee nalo. Mtu akidanganya kwenye fomu, siku akiulizwa hana pa kusimamia.

Onyo kwa mwenyeji. Tangu Julai 2025 kuna amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ukarabati wa simu, kuongoza watalii, udalali wa nyumba, na saluni isiyo ya hotelini au ya kitalii. Mtanzania anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo naye ana adhabu yake: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Kwa hiyo mgeni akikuomba umfungulie kibanda kwa jina lako "kwa muda tu", kataa siku hiyo hiyo.

Umefanikiwa akikutumia idhini ya viza na wewe ukaisoma: jina limeandikwa kama kwenye pasipoti, namba ya pasipoti ni sahihi, aina ya viza inalingana na sentensi ya hatua ya 1. Kosa la herufi moja lirekebishwe sasa.

Raia wa baadhi ya nchi maombi yao hupelekwa kwanza kwa ukaguzi maalumu na huchukua muda mrefu zaidi. Aanze miezi miwili au mitatu kabla.

## Hatua ya 4: Chagua miezi, ndipo ununue tiketi

Anayetoka kwenye theluji anadhani Dar ni jua mwaka mzima. Sivyo. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, masika ni Machi hadi Mei, na masika ya Dar hujaza maji barabara. Kati ya mvua hizo mbili kuna dirisha la Januari na Februari: kaskazi inavuma, mvua ni chache, joto linapanda nyuzi 31 au 32 mchana, na fukuto halipungui hata usiku. Ndilo dirisha la kulenga. Anayeweza kufika katikati ya Desemba na kuondoka kabla ya katikati ya Machi amepata sehemu nzuri yote.

Mwambie pia kuhusu Ramadhani. Miaka hii inaangukia humo humo kwenye miezi yake ya jua. Ya 2027 inatarajiwa kuanza Februari. Dar maisha yanaendelea, ila migahawa mingi midogo hufungwa mchana, na kula barabarani mbele ya waliofunga ni utovu wa adabu. Zanzibar mambo yanakazwa zaidi.

Sasa hesabu siku. Siku 90 si miezi mitatu. Akiingia tarehe 1 Novemba, siku ya 90 ni tarehe 29 Januari, wala si 31. Tiketi ya kurudi iwe siku tano au zaidi kabla ya mwisho, ili ndege ikiahirishwa asijikute amepitiliza.

## Hatua ya 5: Pangilia saa zake za kazi

Hapa Dar inazishinda nchi nyingi za jua. Sisi hatubadilishi saa, na majira ya baridi tunaitangulia Helsinki kwa saa moja tu, Berlin kwa mbili, London kwa tatu. Anayefanya kazi Thailand au Australia kwa mwajiri wa Ulaya huishia kufanya kazi mpaka usiku mkubwa. Huku anafanya kazi mchana na jioni, analala usiku kama watu.

Ofisi ya Berlin inayofunguliwa saa tatu asubuhi kwao, kwetu ni saa tano. Atamaliza saa moja jioni. London ataanza saa sita mchana na kumaliza saa mbili usiku. Maana yake asubuhi yote ni yake, tangu jua linapochomoza karibu na saa kumi na mbili. Wengi hawalijui hili. Hukaa chumbani asubuhi wakisubiri kazi, wakitoka jua limekwisha kuzama, na wanarudi Ulaya weupe kama walivyokuja.

Mfundishe ratiba hii: bahari alfajiri, chai, kazi. Na mfundishe kusoma maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, pwani ya Dar maji hukupwa sana karibu na saa nne asubuhi, na pale Coco Beach utatembea mbali juu ya mawe kabla hujapata pa kuogelea. Siku hizo awahi saa kumi na mbili au asubiri alasiri ya Jumamosi. Avae viatu vya plastiki majini. Wale viumbe wenye miiba mieusi wanatoboa unyayo na mwiba hukatikia ndani.

Aliye na mwajiri wa New York, ofisi yake iko nyuma yetu kwa saa nane. Atafanya kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa saba usiku. Inawezekana, lakini chumba chake kiwe mbali na cha watoto.

Kumbuka: Ulaya husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi. Kama bado yupo, mikutano yote inahama kwa saa moja.

## Hatua ya 6: Chumba, mtaa na jirani

Madalali watampeleka Masaki na Oysterbay kwa sababu ndiko kwenye kodi kubwa. Ni mitaa mizuri, lakini kwa mtu wa miezi mitatu mimi huchagua Mikocheni, Msasani au Upanga: karibu na maduka, hospitali na usafiri, na bado kuna watu wa kusalimiana nao. Kigamboni ina bahari safi na utulivu. Ubaya wake ni kivuko, na kama intaneti ya nyumba ikikataa uko mbali na pa kukimbilia. Kariakoo na Sinza kelele za jioni zitaingia kwenye mikutano yake.

Kabla hujalipa, kaa chumbani kile saa nane mchana, mlango umefungwa. Saa hiyo ndiyo jua limepasha bati na ukuta wa magharibi unaanza kuwaka. Ukishindwa kukaa nusu saa na pangaboi likizunguka, naye atashindwa. Hapo chagua: kiyoyozi, au chumba kingine. Kiyoyozi kinakula umeme, kwa hiyo mpatane tangu mwanzo nani ananunua LUKU. Njia isiyoleta ugomvi ni chumba chenye mita yake.

Kodi itajwe na ilipwe kwa shilingi. Tangu mwisho wa Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei au kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Mwenye nyumba anayeng'ang'ania dola mkumbushe kwa upole.

Mgeni akishafika, mpeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaandikwe kwenye daftari la wakazi. Ni dakika kumi. Faida yake utaiona siku pakitokea wizi au ugonjwa, au polisi wakiuliza huyu ni nani.

## Hatua ya 7: Intaneti na umeme

Usikubali neno la "kuna waifai". Pima.

Nenda kwenye nyumba hiyo saa zile zile atakazofanya kazi, yaani mchana hadi saa moja usiku, siku ya kazi. Mpigie mtu aliye Ulaya simu ya video ya dakika 30 bila kukatika. Kasi inayoonyeshwa na programu za kupimia inaweza kuwa kubwa na bado sauti ikakatika. Simu ya video haidanganyi. Rudia siku nyingine jioni, mtaa mzima ukiwa nyumbani unaangalia video.

Kisha weka njia ya pili. Kama ya kwanza ni faiba, ya pili iwe laini ya simu ya mtandao mwingine, yenye bando tayari. Simu ya video hula karibu giga moja au zaidi kwa saa, kwa hiyo bando la siku la bei ndogo halifiki jioni.

Umeme ukikatika, kompyuta inabaki na betri yake lakini ruta inazima. Hicho ndicho kinachowakata watu katikati ya mkutano. Nunua betri ndogo ya kushikilia ruta. Maduka ya vifaa vya kompyuta Kariakoo na Posta wanazo. Ijaribu kwa kuzima swichi kuu na kuhesabu inadumu kwa muda gani. Ikifika saa mbili, umeshinda.

Laini ya simu inasajiliwa kwa pasipoti yake na alama za vidole, kwenye duka la mtandao. Usimsajilie kwa NIDA yako. Chochote kitakachofanywa kwa laini ile kitasomeka kwa jina lako.

## Hatua ya 8: Afya

Hapa ninaomba usome polepole.

Malaria. Mgeni wa Ulaya mara nyingi ameonywa na daktari wake na anakuja na dawa ya kinga. Anayenitia hofu ni mtoto wetu aliyeishi huko miaka kumi. Anasema, "Mimi nimekulia Mbagala, malaria naijua." Kinga ile aliyoijenga utotoni kwa kuumwa na mbu kila mara hupungua mtu akikaa muda mrefu bila kukutana na vimelea. Anarudi akiwa na ujasiri wa mwenyeji na mwili unaokaribia wa mgeni. Amuone daktari wa safari huko aliko, apewe dawa ya kinga, na aimalize kama alivyoelekezwa: zipo zinazoendelea siku 7 baada ya kuondoka, na zipo za wiki 4. Mama wajawazito na watoto wadogo wasikubaliwe kuja bila ushauri huo.

Dengi. Dar imepata milipuko mikubwa mwaka 2014 na 2019. Mbu wake anang'ata mchana, hasa asubuhi na jioni, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakimzuii. Mwaga maji kwenye vifuu, makopo na matairi uani kila wiki. Anayekaa mezani ajipake dawa ya mbu miguuni, kwa sababu chini ya meza ndiko wanakojificha. Dawa ya kinga ya malaria haifanyi lolote kwa dengi.

Homa yoyote ni kwenda kupima siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka cha malaria kinatoa jibu ndani ya nusu saa. Wakati mnasubiri, ameze parasetamoli. Aspirini na ibuprofeni aziache, maana kama ni dengi zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.

Homa ya manjano. Anayeruka moja kwa moja kutoka Ulaya hadaiwi cheti. Anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, au aliyesubiri ndege kwenye nchi hiyo zaidi ya saa 12, anadaiwa. Tiketi za bei nafuu zinazolaza abiria Addis Ababa au Nairobi ndizo zinazoleta balaa hili. Chanjo huanza kuhesabiwa siku ya 10 baada ya kuchomwa, na moja inatosha maisha yote.

Jua na joto. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea. Wiki ya kwanza asikimbie mazoezi mchana, anywe maji ya chupa au yaliyochemshwa, aongeze chumvi kidogo kwenye chakula akitoka jasho jingi. Mapema Machi jua la mchana linasimama utosini kabisa. Mtu mweupe anaungua hata chini ya mawingu.

Zanzibar. Mgeni asiye raia anayevuka anatakiwa kuwa na bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44, tangu Oktoba 2024, inayodumu hadi siku 92. Ile aliyokuja nayo kutoka kwao haiifuti hii. Ailipe mtandaoni kabla ya kupanda boti.

## Hatua ya 9: Pesa na kodi ya mapato

Kadi zinafanya kazi mashine nyingi za benki mjini. Akija na dola taslimu, ziwe noti safi. Za kabla ya mwaka 2006 maduka mengi ya kubadilishia fedha huzikataa. Siku za kwanza mfungulie akaunti ya pesa ya simu kwenye laini yake, maana genge, bajaji na fundi wote wanalipwa kwa simu.

Kuhusu kodi, wageni wengi wanajua siku 183: akifikisha hizo ndani ya mwaka, kisheria ni mkaazi wa Tanzania kwa ajili ya kodi. Wachache wanajua kipimo cha pili. Mtu anayekuja mwaka huu na alikuja miaka miwili iliyotangulia, na wastani wa kila mwaka ukapita siku 122, naye huhesabiwa mkaazi. Anayerudi kila majira ya baridi kwa miezi minne na nusu aiandike hesabu hii kila Desemba, na akikaribia amuone mshauri wa kodi mapema.

## Hatua ya 10: Uwanjani, na kila wiki baada ya hapo

Mwambie asibebe mifuko ya plastiki ya kubebea. Imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Vile vifuko vidogo vya kufungia sabuni na dawa ya meno vinaruhusiwa, ilimradi aondoke navyo.

Akitoka mlangoni pale Terminali 3, kabla ya kukumbatiana, omba pasipoti. Fungua muhuri usome: tarehe ya kuingia, na idadi ya siku alizopewa. Viza inasema hadi 90, lakini ofisa ndiye anayeandika siku. Kama ameandika chache, au tarehe haisomeki, rudini dirishani hapo hapo mkiulize kwa adabu. Ukishafika nyumbani na muhuri wenye kosa, marekebisho yatakuchukua siku nzima ofisini Kurasini.

Piga picha ukurasa huo. Andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya simu yako na yake, na kengele ilie wiki tatu kabla. Akitaka kuongezewa muda, aende Uhamiaji kengele ikilia, si siku ya mwisho. Kupitiliza ni kosa lenye faini, kushtakiwa na kuondoshwa nchini, na jina hubaki kwenye kumbukumbu siku akiomba tena.

Mwonye asipige picha bandarini, kivukoni, kambi za jeshi wala Ikulu, na droni asiirushe bila kibali.

Wiki ya kuondoka, hakikisha ameagana na serikali ya mtaa, amelipa deni la genge, na ana dawa ya kinga ya kutosha siku zilizobaki. Mpe karatasi yenye tarehe alizokaa Dar na mwambie aiweke kwenye pochi. Akipata homa akiwa kwao, hata miezi kadhaa baadaye, daktari wa huko atafikiria mafua kwanza kwa sababu ni majira ya mafua. Aitoe karatasi hiyo mapokezi, aseme alikuwa Tanzania, na aombe kupimwa malaria siku hiyo hiyo.